Boila ya umeme nyumbani Lubumbashi: vipuri vya kuweka akiba na vya kuacha dukani

Kila mwaka baridi ya Juni inapoingia, kosa ni lile lile. Boila inaacha kuchemsha, fundi anasema "Papa, rezistansi imekufa," yaani kile chuma kinachochemsha maji, na mwenye nyumba ananunua mbili: moja ya kufunga, moja ya akiba. Ya kwanza inaungua kabla ya Krismasi. Ile ya akiba inatolewa kabatini na haiingii, flanji ya tangi (sahani ya chuma inayoshika rezistansi) ina bolti sita na yake ina tano. Ama inaingia, nayo inaungua kama dada yake.

Tatizo si uhaba wa vipuri. Akiba inanunuliwa kabla ya kujulikana kinachoua boila. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana hatua ya sita haiwezekani bila ya pili, ya tatu na ya nne.

Mwongozo huu ni wa boila ya umeme yenye tangi, lita 30 hadi 150, inayopata maji ya REGIDESO (kampuni ya maji ya serikali ya Kongo) au ya kisima kirefu. Ile hita ndogo inayofungwa juu ya bomba la kuogea ni habari nyingine: rezistansi yake ni waya mwembamba wa bei ndogo. Nunua moja inayofanana kabisa, ifungie ndani ya karatasi, umemaliza.

## Vitu vya kuandaa

- Multimeta yenye betri nzuri
- Skrubudraiva bapa na ya nyota, spana za namba 10 na 13, spana kubwa ya mabomba
- Rula au kalipa
- Ndoo mbili na mpira wa maji wa mita tatu au zaidi
- Raba mpya ya flanji inayolingana na boila yako
- Siki nyeupe lita mbili, brashi laini ya plastiki
- Teflon ya mabomba
- Simu ya kupigia picha, kalamu isiyofutika, mifuko ya plastiki inayofungika

Raba ya flanji ndiyo wanayoisahau wengi. Ya zamani ikishafunguliwa hairudi umbo lake. Imelala miaka kwenye joto, imegandamana upande mmoja. Ukiirudisha itashika siku mbili kisha itatoa tone, na tone lile linaangukia juu ya nyaya. Kama hujui raba yako ni ya aina gani, fanya hatua 1 hadi 3 kwanza, peleka picha dukani, kisha urudi kwenye hatua ya 4.

Chagua siku ambayo maji yanatoka. Ukimwaga lita 80 asubuhi na bomba likakauka mchana, boila itabaki tupu, na usiku mtu atainua disjonkteri (swichi kuu ya kukata umeme) bila kuuliza.

## Hatua 1: Soma bamba na uandike kila kitu

Kwenye tumbo la boila, mara nyingi karibu na kifuniko cha plastiki cha nyaya, kuna bamba au stika. Andika lita, wati, volti, presha ya juu na namba yote ya modeli, pamoja na herufi za mwisho. Piga picha pia, kwa sababu mvuke huzifuta stika hizi.

Presha huandikwa kwa namna tatu: bar 1 ni sawa na kPa 100, nayo ni sawa na MPa 0.1.

Hapa Lubumbashi jambo hili si dogo. Boila zetu zinakuja kwa njia mbili: zinazopanda kutoka kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na za Ulaya au Asia. Nyingi za kusini zimeandikwa kPa 400, yaani bar 4. Grupi ya usalama ya Kifaransa au Kiitaliano, ile vali ya kutoa presha iliyozidi, yenye kifundo cha kuzungusha, inayouzwa kila kinkayeri (duka la vifaa), kwa kawaida hufunguka kwenye bar 7.

Onyo: ukiifunga grupi ya bar 7 kwenye tangi la bar 4, itakaa kimya wakati tangi linapita kiwango chake. Haitatoa hata tone, na mwenye nyumba atafurahi kwamba "imeacha kuvuja". Hiyo ni hatari kuliko rezistansi kumi zilizoungua. Kipuri cha presha kinafuata bamba, hakifuati kilichopo dukani.

Umefaulu ikiwa: una karatasi moja yenye namba zote, na nakala yake imebandikwa ndani ya mlango wa kabati utakapoweka vipuri.

## Hatua 2: Pima kabla ya kulaumu

Zima disjonkteri ya boila, kisha zima na kubwa ya nyumba. Fungua kifuniko cha plastiki. Kabla ya kidole chochote kuingia, weka multimeta kwenye volti za AC na upime kila skrubu ya umeme dhidi ya waya wa ardhi, halafu moja dhidi ya nyingine. Zote zisome sifuri. Nyumba nyingi za zamani zina disjonkteri inayokata waya mmoja tu, na mara nyingine waya wenyewe umegeuzwa: imekatwa nyutro, fazi (waya wenye umeme) bado iko ndani ikisubiri.

Piga picha ya nyaya. Zitoe kwenye rezistansi, weka multimeta kwenye omu (kipimo cha ukinzani), pima kati ya ncha zake mbili.

Hesabu ni volti mara volti, gawanya kwa wati. Kwa volti 220:

- Wati 1200: karibu omu 40
- Wati 1500: karibu omu 32
- Wati 2000: karibu omu 24
- Wati 3000: karibu omu 16

Tofauti ya omu moja au mbili si neno. Ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, waya wa ndani umekatika, na hapo ndipo unapoweza kusema rezistansi imekufa.

Sasa weka multimeta kwenye kipimo cha juu zaidi cha omu, ncha moja kwenye rezistansi, nyingine kwenye flanji. Isionyeshe njia. Ikisoma chini ya megaomu moja, umeme unavuja kwenda kwenye chuma, na hiyo inaweza kuwa sababu ya kuanguka kwa diferansieli (swichi inayokata umeme ukivuja). Kama nyumba haina diferansieli ya miliampea 30, isimamishe safari ya vipuri hapa hapa, ukanunue hiyo kwanza. Anayeoga ana miguu ndani ya maji.

Termostati nayo, ile inayokata umeme maji yakifika joto lake: ikiwa ya baridi, kati ya waya unaoingia na unaotoka kuwe na njia, karibu omu sifuri. Ikikosekana, tafuta kifundo kidogo chekundu au cheupe cha usalama na ukibonyeze. Huruka joto likizidi sana, karibu nyuzi 85 hadi 90 kwa boila nyingi. Ukisikia "tik" na njia ikarudi, termostati haijafa. Ilifanya kazi yake, na wewe una swali jipya: kwa nini maji yalifika huko?

Kuna pia boila ambazo hazina ugonjwa wowote. Kuran, yaani umeme wa mtaa, ikishuka hadi volti 170, rezistansi hutoa karibu asilimia 60 tu ya nguvu yake. Kupandisha lita 80 kwa nyuzi 40 kunahitaji karibu kWh 3.7. Kwa wati 2000 kamili ni chini ya saa mbili, kwa volti 170 ni zaidi ya saa tatu. Mtu anayewasha saa kumi na mbili jioni na kuoga saa mbili usiku ataapa kwamba rezistansi imechoka. Pima volti saa ile ile ya jioni kabla ya kutoa pesa.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa namba, si kwa hisia, ni kipi kizima na kipi kimekufa.

## Hatua 3: Jaribu klape, mwuaji asiyeshukiwa

Ndani ya grupi ya usalama, upande wa maji baridi, kuna klape ndogo inayoruhusu maji kuingia kwenye boila na kuyazuia kurudi. Mji ambao maji hayakatiki hauioni kazi yake. Kwetu ndiyo roho ya boila.

Bomba la mtaa likikauka, presha ya nje inaanguka. Klape ikiwa nzima, tangi hubaki limejaa. Ikiwa punje ya mchanga au kipande cha kutu kimekwama kwenye kiti chake, maji ya boila yanarudi taratibu kwenye bomba. Mtu akifungua robine (bomba la kufungulia) ya maji moto kuangalia kama maji yamerudi, anaingiza hewa, na tangi linateremka haraka zaidi. Rezistansi inabaki juu ya maji. Kuran inarudi saa tisa usiku, wote wamelala, na katika dakika chache chuma kinapasuka.

Jaribio halihitaji kufungua kitu:

1. Zima umeme wa boila. Acha maji yapoe, au angalau usiweke mkono mbele ya robine ya moto.
2. Acha robine ya grupi wazi. Funga vali kubwa ya nyumba, pale kwenye konteri (mita ya maji).
3. Fungua robine ya baridi iliyo chini kuliko boila. Ya uani inafaa.
4. Ikipungua nguvu, fungua robine ya moto ya bafuni. Ikiwa ni ya mkono mmoja, isukume hadi mwisho wa moto.
5. Subiri dakika kumi ukiangalia robine ya uani.

Maji ya mabomba yakiisha na uani pakakauka, klape ni nzima. Yakiendelea kutiririka, na hasa yakianza kuwa vuguvugu, umempata mwuaji.

Grupi nyingi klape yake haibadilishwi peke yake, hubadilishwa grupi nzima. Kabla ya hapo, jaribu kuisafisha: zungusha kifundo cha kumwagia mara tano au sita huku maji yakiwa na presha, mchanga unaweza kutoka. Rudia jaribio.

Onyo: fundi asifunge robine nyingine kati ya grupi na tangi "ili iwe rahisi kubadilisha". Mtu akiifunga robine hiyo na boila ikawaka, maji yanayotanuka hayana pa kutokea.

Hapa pia ndipo ilipo ile "grupi inavuja" inayowapeleka watu dukani bure. Maji yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa asilimia moja na nusu hivi. Boila ya lita 80 itatoa karibu lita moja na kidogo kila inapochemsha yote. Kudondoka wakati wa kuchemsha ni uzima. Kudondoka usiku na mchana, boila ikiwa imezimwa, ndiyo ugonjwa: uchafu kwenye kiti cha vali, au presha ya mtaa iko juu mno.

## Hatua 4: Fungua tangi na usome maiti

Funga robine ya grupi, fungua ya moto bafuni ili hewa iingie, fungisha mpira wa maji kwenye tundu la kumwagia, zungusha kifundo. Usitegemee dakika tano, lita 80 huchukua nusu saa au zaidi. Maji ya kwanza ni moto.

Fungua bolti za flanji polepole, ndoo ikiwa chini, kwani lita mbili tatu hubaki kila mara. Vuta rezistansi nje na uitazame kwenye mwanga wa jua, hata kama ilipima vizuri.

Imevaa koti nene jeupe au la kahawia. Ni chokaa. Chini ya sehemu nyingi za Lubumbashi kuna miamba ya dolomia, na maji ya kisima kirefu huileta nyumbani. Koti hilo linazuia joto kutoka, chuma cha ndani kinazidi kuchemka hadi kukatika. Dawa ni siki, si rezistansi ya pili: ilaze ndani ya siki usiku mmoja, isugue kwa brashi laini. Shusha termostati hadi nyuzi 60 hivi, kwani juu ya hapo chokaa huganda upesi zaidi. Usiishushe chini ya 55: bakteria wa lejionela wanapenda maji ya vuguvugu.

Ni safi, lakini imegeuka rangi, imepinda au imepasuka kwa urefu. Iliwaka bila maji. Rudi hatua ya 3.

Ncha za umeme ni nyeusi, plastiki imeyeyuka, skrubu inazunguka. Waya ulikuwa umelegea. Wati 2000 huvuta ampea 9, na ampea 9 kwenye skrubu iliyolegea ni jiko dogo. Kata waya ulioungua, weka waya wa milimita mraba 2.5 wenye ncha ya kubana, kaza.

Termostati ina alama ya kuungua ndani na maji yalikuwa yakitoka na mvuke. Meno yake ya kuunganisha umeme yameshikana. Hii haisubiri kesho, usiwashe tena.

Vyote vimeungua pamoja na balbu mbili na chaja ya simu siku moja. Nyutro ilikatika mtaani, au radi. Nyutro ikikatika kwenye laini ya fazi tatu, nyumba ya volti 220 inaweza kupata karibu 380, na rezistansi inatoa nguvu mara tatu. Hakuna akiba inayotibu hilo. Kinachotibu ni kifaa cha kulinda volti kinachokata juu na chini ya kiwango, chenye kuchelewa dakika chache kabla ya kurudisha, na chenye kubeba ampea 16 au zaidi.

Ukiwa bado na tangi wazi, angalia anodi. Ni fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya tangi. Ikibaki chini ya nusu ya unene wake, au waya wa katikati ukionekana, badilisha. Hakuna kipuri kidogo kinachookoa kitu kikubwa hivi, na hakuna kinachosahaulika zaidi. Mafundi wengine huitupa na kuziba tundu lake.

Ingiza mkono au kamera ya simu ndani. Toa tope la chokaa kwa mkono na maji, usikwaruze kwa chuma: enameli, ile ngozi ngumu ya ndani ya tangi, ikipasuka, kutu imepata mlango. Ukiona malengelenge ya kutu kwenye chuma chenyewe, andika kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako: TANGI LIMEZEEKA. Utalihitaji neno hilo hatua ya 6.

Kabla ya kufunga, pima na uandike:

- Kipenyo cha flanji, idadi ya bolti na umbali kati ya mbili zinazotazamana, au kipenyo cha uzi kama rezistansi inafungwa kwa kuzungusha
- Urefu wa rezistansi na mpindo wake
- Urefu wa fimbo ya termostati. Za kawaida ni sentimita 27, 37 na 45, na ndefu haiingii kwenye mfuko mfupi
- Urefu na unene wa anodi, na uzi wake: M5, M6 au M8
- Umbo la raba: bapa, au yenye mdomo

Kama rezistansi yako ni ya udongo mweupe na imelala ndani ya mfuko wa chuma bila kugusa maji, pima kipenyo na urefu wake. Hiyo hubadilishwa bila kumwaga tangi.

## Hatua 5: Uliza siku, si bei

Nenda na karatasi kwenye kinkayeri tatu: moja mjini, moja upande wa soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), moja ya wauza vifaa vya kusini. Usiulize "shilingapi" kwanza. Uliza: kiko hapa sasa? Kama hakiko, kinakuja lini, na mara ya mwisho kilikuja lini?

Jibu la "kesho" bila tarehe, liandike wiki mbili. Jibu la "hii inaingia kila boila, papa" liandike hapana. Hakuna rezistansi inayoingia kila boila.

Vipuri vinavyopatikana siku hiyo hiyo katika maduka mawili tofauti havihitaji kabati lako. Duka ndilo kabati.

## Hatua 6: Amua

Watu wengi hapa hulinganisha bei ya kipuri na bei ya fundi. Sicho kinachopimwa. Kipuri ambacho hakika utakihitaji siku moja hakikugharimu bei yake, ungekinunua tu. Gharama ya akiba ni pesa iliyolala, na hatari kwamba siku ikifika hakitafaa: kimeoza, au tangi lenyewe limetoboka na kila kipuri chake kimekuwa chuma chakavu.

Upande wa pili ni gharama ya kukosa: siku za kusubiri mara gharama ya siku moja bila boila. Tuseme kuchemsha maji ya familia kwenye mbabula (jiko la makaa) kunakula makaa ya franki 3,000 kwa siku, na kipuri kinachukua siku 14. Hiyo ni franki 42,000 kwa kila kuharibika, bila kuhesabu anayeamka saa kumi alfajiri kuwasha. Kama kipuri hicho hufa mara moja kwa miaka miwili, ni 21,000 kwa mwaka. Kipuri cha siku moja, kwa mahesabu hayo hayo, ni 1,500 kwa mwaka, hata huhitaji kufikiri.

Weka bei zako mwenyewe. Kwa nyumba nyingi za mjini hapa, matokeo huja hivi:

Weka bila kujadili: raba za flanji mbili, anodi moja, teflon, na bolti mbili za flanji pamoja na nati zake. Vyote vinaingia kwenye mkebe wa maziwa, na kukosa raba kunasimamisha kazi yote.

Weka moja, kama mtaa wako hukatiwa maji kila wiki: grupi ya usalama yenye presha inayolingana na bamba. Ndiyo inayokufa kwanza kwa mchanga, na ikifa inaua rezistansi. Nani ananunua mazishi akaacha dawa?

Weka moja, kama duka halina ndani ya siku tatu: termostati. Ni ndogo, haiozi, na yenye meno yaliyoshikana haikupi ruhusa ya kuvumilia.

Rezistansi: moja tu, na tu baada ya kuthibitisha mambo matatu: klape ni nzima, volti zinalindwa, tangi halina malengelenge ya kutu. Likikosekana moja, pesa ya rezistansi ikatengeneze hilo. Ile ya udongo mweupe ina ruhusa zaidi, kwani haili chokaa na hubadilishwa kwa nusu saa.

Acha dukani: kadi ya elektroniki, kama huna duka linaloweza kuijaribu. Rezistansi ya "labda itaingia". Na chochote cha boila ambayo karatasi yake imeandikwa TANGI LIMEZEEKA. Weka pesa hiyo kwenye bahasha ya tangi jipya. Ukiwa unalinunua, ogopa zenye anodi ya umeme pekee: kuran ikikatika siku tatu, tangi limebaki bila mlinzi.

Nyumba ya wageni, zahanati yenye wodi ya wazazi, au ua wenye boila nne za aina moja hubadilisha hesabu. Boila nne zinazofanana zinatumia akiba moja, kwa hiyo rezistansi moja na termostati moja zinajilipa. Ni sababu nzuri ya kutonunua boila nne za aina nne, hata kama ya nne ilikuwa bei nafuu.

## Hatua 7: Pima kwenye kaunta

Nenda na multimeta na, ikiwezekana, na kipuri cha zamani. Rezistansi ipime omu pale pale, kisha ncha dhidi ya flanji. Muuzaji mzuri hatakasirika. Anayekasirika amekujibu.

Linganisha bolti kwa kuweka flanji juu ya flanji. Raba ibonyeze kwa kidole: irudi upesi, isiwe na nyufa ndogo kwenye mdomo. Anodi iingize uzi wake kwenye nati ya ile ya zamani. Grupi isome presha iliyochongwa kwenye shaba, si iliyoandikwa kwenye boksi.

Omba fakture (risiti ya mauzo) yenye namba ya kipuri, na maneno "kurudisha kama haiingii". Mengine yote anaweza kusema kwa mdomo, hili aandike.

## Hatua 8: Tunza ili kisife kabatini

Ndani ya rezistansi kuna unga wa magnesi oksidi, na unga huo hunywa unyevu kupitia ncha zake. Iliyokaa miezi sita ndani ya bafu au stoo ya mabati wakati wa mvua itaangusha diferansieli siku ya kwanza, na utasema umeuziwa feki. Ifunge ndani ya plastiki pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye viatu vipya, uiweke ndani ya nyumba, si uani.

Kabla ya kuifunga, pima tena ncha dhidi ya flanji. Ikiwa imeshuka, itoe raba na termostati, iweke kwenye tanuri la jikoni nyuzi 120 kwa saa tatu au nne, iache ipoe, upime. Mara nyingi inafufuka. Usiikaushe juu ya mbabula: upande mmoja utaungua, mwingine utabaki na maji.

Raba hazipendi jua, mafuta ya gari wala petroli, na panya wanazipenda. Zilale bapa, zisitundikwe msumarini. Ziandike mwaka wa kununua, na ukizikuta ngumu au zina nyufa, usibishane nazo.

Grupi ya akiba haihitaji chochote. Ile iliyofungwa ndiyo inayohitaji mkono: zungusha kifundo chake mara moja kwa mwezi, na kila mara maji ya mtaa yanaporudi baada ya kukatika siku nyingi. Ila kwanza fungua robine ya uani hadi maji mekundu yaishe, ili uchafu usipitie kwenye klape.

## Kufunga na kuwasha upya

Raba mpya, flanji mahali pake, kaza bolti kwa msalaba: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia, kidogo kidogo. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, raba inapinda.

Fungua robine ya moto bafuni, kisha ya grupi. Hewa itakohoa. Subiri hadi maji yatoke mfululizo bila kutema hewa, na uyaache dakika moja zaidi. Umeme usiwashwe kabla ya hapo, hata kwa sekunde za kujaribu.

Pangusa flanji kwa karatasi kavu, subiri robo saa, pangusa tena. Karatasi ikibaki kavu, rudisha nyaya kama kwenye picha, waya wa ardhi ukiwa wa kwanza, funika, washa.

Saa ya kwanza grupi itaanza kudondosha polepole na bomba la moto litapata joto. Termostati ikikata, kudondosha kutakoma. Zima, fungua kifuniko, hakikisha hakuna umeme, kaza bolti robo mzunguko kwa kuwa raba imeshalainika, kisha andika tarehe kwenye karatasi iliyo mlangoni mwa kabati.